Njuga za Ugogo na Viatu vya Wachezaji

SOMO LA HISTORIA KWA WATU WAZIMA

Natumaini wewe na wenzako mmekwisha kukaa, redio imefunguliwa, na karatasi hii iko mbele yako. Kama kuna neno litakalokupita nikilisema, usihangaike. Umeandikiwa hapa, nawe utalisoma tena polepole pamoja na mwalimu wako.

Leo hatusomi habari za vita wala za wafalme. Tutasoma habari za miguu. Labda utacheka na kusema, "Je, miguu nayo ina historia?" Naam, inayo. Watu wengi hudhani kwamba historia imo katika vitabu na katika majumba makubwa tu. Lakini hata kitu kidogo ambacho mtu hujifunga mguuni kabla ya kuingia uwanjani kucheza kina habari ndefu. Tena habari hiyo inakuhusu wewe, hasa kama unakaa Dodoma, Chamwino, Bahi, Kongwa, Mpwapwa au Manyoni.

NJUGA NI NINI?

Wewe uliyezaliwa Ugogo huhitaji kuelezwa njuga, lakini wasikilizaji wetu wengine wako mbali. Njuga ni kengele ndogo za chuma. Mhunzi huchukua kipande cha chuma, hukipasha moto katika makaa yanayopulizwa kwa mvukuto, kisha hukipiga nyundo mpaka kiwe bapa. Halafu hukikunja kiwe kama ganda la kunde au kama yai dogo lenye mpasuko upande mmoja. Ndani huacha kipande kidogo cha chuma au kijiwe. Ukitikisa, kile kilichomo ndani hugonga ukuta wake, nacho chuma hulia. Njuga kadhaa hufungwa pamoja juu ya ukanda, na ukanda ule hufungwa kifundoni au chini ya goti.

Wagogo ni watu wenye sifa kubwa kwa muziki wao. Wana zeze, wana ilimba, na wana nyimbo ambazo sauti nyingi huimbwa kwa pamoja, kila moja ikishika njia yake, zote zikapatana. Wana ngoma ya muheme, ambayo hupigwa na wanawake, ngoma zao wakizibana katikati ya miguu. Wana nindo na msunyunho. Mchezaji aliyevaa njuga hachezi tu kufuata ngoma, yeye mwenyewe ni mpigaji pia. Kila akikanyaga, mguu wake hulia. Akichelewa hata kidogo, kila mtu husikia. Akipatia, miguu ya watu ishirini hulia kama mguu mmoja.

NJIA YA MISAFARA

Sasa turudi nyuma mpaka miaka ya 1850. Wakati huo hapakuwa na reli wala motokaa. Pembe za ndovu zilitoka bara na nguo na shanga zilitoka pwani, vyote vikichukuliwa vichwani na mabegani mwa watu. Njia kubwa ilianzia Bagamoyo na sehemu za pwani zilizo jirani, ikapanda milima ya Usagara, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora, na kuendelea mpaka Ujiji.

Katika njia hiyo Ugogo ulikuwa ni mlango. Kabla ya kufika, msafara ulilazimika kuvuka nyika kame iitwayo Marenga Mkali. Wapagazi walifika Ugogo wakiwa na kiu, na maji yalikuwa katika mikono ya wenyeji. Kwa hiyo watemi wa Wagogo walitoza hongo, yaani ushuru wa nguo, shanga na masango, ndipo msafara ukaruhusiwa kuteka maji na kupita. Wageni wengi waliandika kwa hasira juu ya hongo hiyo. Lakini wewe unayeishi katika nchi ya mvua chache unajua bei ya kisima.

Mwaka 1857 alipita huko Mwingereza mmoja aitwaye Richard Burton, pamoja na mwenzake John Speke. Burton alikuwa mtu wa kuandika kila alichokiona, ingawa mara nyingi aliandika kwa dharau. Aliandika juu ya mavazi ya wapagazi, na miongoni mwa mapambo yao alitaja njuga, akaliandika neno hilo hilo letu. Alisema zilifungwa chini ya goti au kifundoni, na kwamba waliozivaa ni wale waliojiona bora kuliko wenzao.

Fikiri kidogo juu ya habari hiyo. Mtu amebeba mzigo mzito. Jua ni kali, miiba imejaa njiani. Tena juu ya yote hayo amejifunga vyuma miguuni. Kwa nini? Si vigumu kuona sababu. Mlio wa njuga huupa mwendo mpigo, na mpigo humsaidia mtu kusahau uzito. Tena mlio ule husema, "Nakuja, nami si mtu wa kudharauliwa." Hata leo mchezaji anapoingia uwanjani, njuga zake humtangulia kusema jina lake.

KIATU CHA KUSIMAMIA VIDOLE

Sasa tusafiri kidogo mpaka Ulaya, maana huko nako wachezaji walikuwa na shughuli na miguu yao.

Miaka 25 kabla Burton hajafika Ugogo, tarehe 12 Machi 1832, katika mji wa Paris, Ufaransa, mwanamke aitwaye Marie Taglioni alicheza mchezo uitwao La Sylphide, uliotungwa na baba yake, Filippo Taglioni. Ulikuwa ni mchezo wa baleti, yaani kisa kinachoelezwa kwa kucheza bila maneno. Taglioni alikuwa pepo wa hewani aliyependwa na kijana wa Uskoti. Basi, pepo hatembei kama mtu. Ili watazamaji waamini kwamba hana uzito, Taglioni alisimama juu ya ncha za vidole vyake vya miguu. Hakuwa wa kwanza kufanya hivyo, lakini yeye ndiye aliyewafanya watu waone uzuri wake, na baada yake wachezaji wengi walitaka kumwiga.

Kiatu chake kilikuwa laini tu, cha kitambaa cha satini, kilichoshonwa nyuzi nyingi pembeni na mbele ili kiwe imara kidogo. Nguvu yote ilitoka katika mguu wake mwenyewe. Baadaye mafundi, hasa wa Italia, walianza kutengeneza viatu vyenye ncha ngumu zaidi. Kwa viatu vya namna hiyo wachezaji waliweza kufanya mambo makubwa. Mwaka 1895, mjini St. Petersburg, Urusi, Mwitaliano Pierina Legnani alizunguka mara 32 mfululizo juu ya mguu mmoja.

Labda unadhani kwamba ndani ya ncha ya kiatu hicho mna mti au chuma. Sivyo. Mafundi hutandaza kitambaa cha gunia, karatasi na gundi, tabaka juu ya tabaka, kisha huacha vikauke mpaka vigumu. Chini kuna wayo mwembamba wa ngozi, na ndani yake ubao wa ngozi au kadibodi ngumu wa kuushika mguu. Basi ni karatasi, kitambaa na gundi tu. Jasho hukilainisha kiatu hicho, na mchezaji wa kazi huweza kukimaliza katika usiku mmoja wa mchezo.

Usidhani kwamba mambo haya yamebaki Ulaya tu. Katika miaka ya 2010, huko Nairobi, katika mtaa wa Kibera, watoto walifundishwa baleti ndani ya chumba cha darasa, madawati yakiwa yamesogezwa kando. Wengi wao walijifunza pekupeku. Mguu ulitangulia, kiatu kikafuata.

KUCHAGUA, KUTAYARISHA NA KUVAA

Sasa angalia jambo hili, ndugu mwanafunzi. Kiatu cha baleti na njuga ya Ugogo vinapingana katika kusudi. Mwenye kiatu kile anataka ardhi isahauliwe. Anataka aonekane kama hagusi chini, wala asisikike. Ndiyo maana kabla ya kucheza huzipigapiga ncha za viatu vyake ukutani au sakafuni, ili zisigonge kwa sauti jukwaani. Mwenye njuga anataka ardhi ijibu. Anakanyaga ili asikike.

Lakini katika kuchagua, kutayarisha na kuvaa, watu hawa wawili wangeelewana upesi kama mafundi wa kazi moja.

Kwanza, kuchagua. Mchezaji wa baleti hachagui kiatu kwa kutazama uzuri wa rangi. Hutazama urefu wa mguu, upana wake, na umbo la vidole. Kiatu kiushike mguu kama ngozi, lakini vidole visikunjane ndani. Kikiwa kikubwa, mguu huzama mpaka chini na vidole huumia. Kikiwa kidogo, damu haipiti vizuri. Naye mwenye njuga huchagua kwa sikio. Huitikisa moja moja. Iliyo na ufa hulia kama mtu mwenye mafua, huwekwa kando. Hutazama mpasuko wake usiwe mpana mno, kokoto ya ndani isije ikaruka nje. Kisha hulinganisha za mguu wa kulia na za mguu wa kushoto, ili mzigo usilemee upande mmoja.

Pili, kutayarisha. Mchezaji wa baleti hushona mwenyewe utepe wa kufungia, hukunjakunja wayo mpaka ufuate upinde wa mguu, na hukwaruza chini yake asiteleze. Mwenye njuga husugua kutu, hupaka mafuta kidogo, hukagua ukanda kama haujaoza, na kukaza kila fundo. Fundo moja likifunguka katikati ya uwanja, chuma huruka na kumjeruhi mwenzake.

Tatu, kuvaa. Hapa wote wawili huogopa kidonda. Mchezaji wa baleti hufunika vidole vyake kwa sufu au kitambaa laini. Mwenye njuga hutanguliza kitambaa au ngozi laini juu ya mguu, ndipo akafunga ukanda. Ukilegea mno, njuga huteremka na kukwaruza kifundo. Ukikazwa mno, mguu huvimba. Fundi huingiza kidole kimoja kati ya ukanda na mguu. Kikiingia kwa shida kidogo, basi imefungwa sawasawa. Tena uwanja ufagiwe kwanza miiba na vigae, maana mchezaji hukanyaga kwa nguvu. Kidonda cha mwiba au cha chuma chenye kutu kioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni, na mwenye kuumia aende zahanati kwa ajili ya kinga ya pepopunda.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: usimharakishe mtoto. Mwalimu mwema wa baleti hamruhusu mtoto kusimama juu ya vidole mpaka awe amejifunza miaka kadhaa na mifupa yake imepata nguvu. Mara nyingi hungoja mpaka afike miaka 11 au 12, na hata hapo humpima kwanza. Kadhalika mtoto wa Ugogo aanze kwa mguu mtupu. Ajue mpigo kwanza, ndipo apewe njuga. Asiyejua mpigo, njuga humtangazia makosa yake.

WAKATI WATU WALIPOIONEA NGOMA HAYA

Turudi katika historia. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika Dodoma mwaka 1910. Wapagazi walimaliza kazi yao, na kwa muda mfupi njia ile ya miguu ikasahauliwa. Mji ulikua kando ya stesheni. Baada ya Wajerumani walikuja Waingereza, wakatawala mpaka mwaka 1961.

Katika miaka hiyo mambo mengi yalibadilika miguuni mwa watu. Wamisionari wengi waliwakataza waumini wao kucheza ngoma, hasa zile za jando. Katika shule nyingi mtoto alifundishwa nyimbo za Kizungu. Mijini likaja dansi, na mtu wa dansi alivaa viatu vya ngozi vilivyong'arishwa. Polepole ikaingia fikira mbaya kwamba aliyevaa viatu ni mstaarabu, na aliyevaa njuga ni mshamba. Hakuna aliyepeleka askari kuzikusanya njuga. Haya peke yake ilitosha. Baba aliziweka darini, na mwana hakuuliza ni za nini.

Tarehe 10 Desemba 1962, siku baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alisema na Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais. Katika hotuba ile alitangaza kuunda wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alieleza kwamba wakoloni walikuwa wamewafanya watu waamini kuwa hawana utamaduni wao wenyewe, au kwamba walionao ni wa kuonea haya. Alikumbusha kuwa wasomi wengi walijua kucheza rumba, chachacha na twisti, bali hawakupata hata kusikia gombe sugu, mangala au kiduo.

Baada ya hapo liliundwa kundi la taifa la ngoma, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Miongoni mwa wasanii waliotoka Ugogo alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo aliyekuwa fundi mkubwa wa zeze na ilimba. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam, na baadaye Zawose akakaa Bagamoyo akipiga na kufundisha. Alisafiri nchi nyingi za dunia, na watu wa Ulaya walisikia sauti za Ugogo. Alifariki mwaka 2003.

Hebu tazama ramani ukutani mwa darasa lako. Weka kidole juu ya Dodoma, ukisogeze mashariki mpaka Bagamoyo. Mwaka 1857 njuga zilikuwa miguuni mwa wapagazi katika njia ile. Zaidi ya miaka 100 baadaye muziki wa Ugogo ulikwenda Bagamoyo tena, safari hii si kwa kubeba pembe za mtu mwingine, bali kwa kufundisha. Wahenga walisema: mcheza kwao hutunzwa. Zawose alitunzwa ugenini pia, kwa sababu hakuacha cha kwao.

KAZI ILIYOBAKI NI YAKO

Lakini usije ukadhani kwamba chuo kimoja au mtu mmoja hodari ametumaliziia kazi. Dodoma imekuwa jiji na makao ya Serikali. Barabara za lami zimeongezeka, na vijana wana muziki wa kila namna katika simu zao. Hilo si baya. Baya ni hili: siku moja mnunuzi wa chuma chakavu atapita kijijini kwako na mizani yake. Mjukuu atapanda darini, atakuta kifurushi cha njuga zenye kutu, naye ataziuza kwa kilo. Hatakuwa mwizi wala mtoto mbaya. Atakuwa hajaambiwa tu.

Chuma kikishayeyushwa, hakuna kitabu kitakachokirudisha. Tena hasara kubwa si chuma. Hasara ni ujuzi wa kukifunga, wa kukisikiliza na wa kukikanyagia.

Wewe sasa umejifunza kusoma na kuandika. Babu yako hakupata nafasi hiyo, ndiyo maana habari za njuga za mwaka ule wa 1857 tunazisoma kwa Burton. Leo kalamu iko mkononi mwako. Kwa hiyo nakupa kazi. Kabla ya somo lijalo, nenda kwa mzee mmoja, bibi au babu, umwamkie kama inavyopasa, umwulize habari za njuga. Andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni mistari mitano tu. Mistari mitano ya kweli ni historia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Njuga hutengenezwaje, na hufungwa wapi mwilini?
2. Kwa nini watemi wa Ugogo waliweza kuitoza misafara hongo?
3. Mchezaji wa baleti hutaka nini kutoka kwa kiatu chake? Mwenye njuga hutaka nini? Eleza tofauti.
4. Taja mambo mawili yanayofaa kufanywa ili mchezaji asipate kidonda.
5. Je, katika kijiji au mtaa wenu kuna kitu kilichowekwa darini kwa sababu ya haya? Ni kitu gani, na nani bado anajua kukitumia?

Swali la tano msilijibu haraka. Mpeni kila mtu nafasi ya kusema, na wazee waanze.

Kwaheri, ndugu mwanafunzi, mpaka somo lijalo.